Waya wa Mama Kapya

Asubuhi Katongo alipogongwa na lori kwenye barabara ya Kinsevere, mikate yake ilitapakaa njia nzima, na wapita njia wakaokota mikate kwanza, Katongo baadaye. Alisimulia hivyo mwenyewe akiwa amelazwa, mguu umefungwa plasta, huku akicheka. Dereva alikuwa amemwambia kwamba hakumwona kabisa, na mtu asiyeonekana kwa kawaida huishia chini ya magurudumu. Yeye alirushwa kando. Wenzake waliokwenda kumtazama walicheka naye, wakamshukuru Mungu, kisha wakarudi makwao kimya, maana kila mmoja wao alikuwa akiendesha baiskeli katika giza lile lile.

Kesho yake papa Clément, mwenye boulangerie walikochukua mikate, aliwapanga waendesha baiskeli wote mbele ya tanuri.

“Musikie muzuri,” alisema. “Kuanzia lundi, baiskeli yenye haiko na taa haitatoka hapa na mukate yangu. Sitaki tena kuenda ku hôpital kuomba mama ya muntu pardon.”

“Na mwenye hana taa, patron?” Lombe, mmoja wao, aliuliza, akihesabu siku zilizobaki hadi Jumatatu.

“Abakie ku nyumba. Doudou iko pale, anangojaka nafasi.”

Doudou alikuwa pembeni kweli, amekaa juu ya kasha tupu. Aliposikia jina lake aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa kandambili.

Lombe aliitazama baiskeli yake. Ilikuwa na kengele, ilikuwa na kasha kubwa la mbao nyuma, ilikuwa hata na picha ya Bikira Maria kwenye usukani. Taa haikuwa nayo, na wote mstarini waliliona hilo.

Kazi yenyewe haikuruhusu kungoja jua. Mikate ilitakiwa ifike mgodini Kinsevere kabla wafanyakazi hawajaingia zamu. Ikichelewa, mtu anarudi nayo yote hadi mtaani kwao Kampemba, imeshika vumbi. Lombe alikuwa akiendesha gizani huku akiimba kwa sauti kubwa ili malori yamsikie, kana kwamba dereva wa lori husikia wimbo. Tochi za betri alizijaribu, zikamfia njiani. Taa za kuchaji zinataka umeme, na transfoma ya mtaa wao ilikuwa imeungua tangu mwanzo wa kiangazi. Alipouliza sokoni dinamo za baiskeli, zile za zamani zinazosuguana na tairi na kutoa umeme, muuzaji alimpigia kicheko.

“Papa, ile bintu ilikufaka na baiskeli ya ba-grand-père!”

Alifika nyumbani amebeba kicheko hicho cha baiskeli za mababu. Mkewe Dorine alikuwa akipepea makaa kwenye mbabula, jiko lao la bati. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha mkono.

“Lombe,” alisema, “sitaki kukuokota mu barabara. Na sitaki ulale hapa mu nyumba mukate ikiwa kwa Doudou. Sasa fikiri.”

“Nifikiri nini?”

“Ule voisin njo professeur wa physique. Anafundishaka courant, ile umeme. Enda umuulize.”

Mama Kapya, mama yake Lombe, aliyekuwa ameketi kwenye kiti chake kidogo akichambua majani ya sombe, yaani kisamvu, aliinua kichwa.

“Kwa bale ba Kasai? Kuomba?”

“Kuuliza, mama. Kuuliza hakuumize muntu.”

Mama huyu aligusa jani jingine, akaliangalia sana, na jani halikuwa na kosa lolote.

*

Malupango mawili, yaani viwanja vya nyumba, la kina Lombe na la jirani yao Mbuyi, mwalimu wa fizikia, yalitenganishwa na ukuta mfupi wa matofali. Miaka mingi kabla, Mama Kapya alitaka kile kiwanja cha pili kiwe cha marehemu kaka yake, lakini kilinunuliwa na baba mkwe wa Mbuyi, mtu aliyetoka mkoa wa Kasai na biashara yake ya nguo. Mbuyi mwenyewe hakuwepo katika mambo hayo, alioa tu na kuikuta nyumba. Hata hivyo kwa Mama Kapya kosa lilihamia kwake pamoja na vyombo. Alimsalimia kwa kidevu. Hakuwahi kukanyaga kizingiti chake. Na umeme ulipokuwepo, alilalamika kila joto lilipozidi kuhusu feni ya nyumba ile, ambayo ilikuwa mbovu kidogo na iligonga, ta-ta-ta-ta, ikasikika mpaka chumbani kwake.

“Ba Kasai,” alikuwa akisema, “hata upepo yabo iko na makelele.”

Mbuyi aliposikia shida ya Lombe, alisimama akafuta miwani yake kwa shati.

“Dynamo!” alisema. “Lombe, ile mi ninaichoraka kila mwaka ku tableau ya masomo. Sumaku inazunguuka, waya imekaa pembeni, courant inatokea. Nimeichora mpaka craie inaisha.”

“Na kuitengeneza?”

“Kuitengeneza?” Alicheka mwenyewe, akapangusa vumbi la chaki vidoleni. “Sijagusaka hata moya. Mais tutajaribu. Nitasikia haya kama nitakufa na dynamo ya craie tu.”

Lombe alitoka pale mwepesi. Hakuwa na taa bado, lakini alikuwa na mtu wa kuhangaika naye, na hilo peke yake lilimrudishia hamu ya kula. Jioni hiyo alimaliza bukari, ugali wake, bila kubakiza, Dorine akamtazama akatabasamu.

Vitu vilipatikana kimoja kimoja. Fundi wa pikipiki aliwapa starter iliyokufa, mota ya kuwashia injini, ndani yake mna sumaku. Lombe alichonga gurudumu dogo la mti litakalosuguana na tairi, wakazigandisha sumaku kulizunguka na kuzifunga kwa ukanda wa mpira. Taa waliitoa kwenye mojawapo ya zile tochi zilizomfia Lombe njiani. Kilichokosekana ni waya mwembamba wa shaba, mrefu, wa kuzungusha kwenye bolti mamia ya mara. Malori yaliyomtia Lombe hofu kila asubuhi yalipita yakibeba shaba kwa tani na tani, na wao walitembea kutwa wakitafuta waya wa kujaza kiganja. Hatimaye wauza vyuma chakavu waliwapa transfoma ya redio kubwa ya zamani, na Mbuyi akaufungua waya wake pole pole, wa rangi ya kahawia iliyokolea, akauviringisha kwenye kipande cha gazeti.

Jumamosi asubuhi alikuwa na darasa. Alimwachia Lombe waya ule.

“Uchunge isichafuke,” alisema. “Nikirudia, tunaizungusha, na leo leo tunaona lumière ku taa.”

Lombe naye alikuwa na mikate iliyobaki ya kuuza, katika siku za mwisho kabla ya Jumatatu. Akaingia kwa mama yake.

“Mama, munichungie hii waya. Isichafuke, tafadhali. Njo maisha yangu ile.”

*

Sasa ni lazima mtu amwelewe Mama Kapya. Kwa siku kadhaa alikuwa amemsikia mwanawe akicheka nyuma ya ukuta, kicheko ambacho hakukisikia tangu Katongo agongwe. Alikuwa amemwona yule mwalimu amepiga magoti mchangani na suruali yake ya shule, akishikilia msumari ili Lombe agonge. Moyo wake ulikuwa umelainika, na kwa kuwa hakuzoea kulainika, alitafuta kazi ya kufanya.

Akaufungua ule mzigo wa gazeti. Waya ulikuwa mweusi-mweusi, kama kitu kilichotoka shimoni. Je, huu ndio wa kutunza usichafuke?

Mama Kapya aliijua shaba kuliko kitu kingine chochote. Baba yake alifanya kazi kwenye tanuru za kuyeyushia. Yeye mwenyewe, katika miaka migumu, alilea watoto kwa kuokota nyaya chakavu, na kila mtu wa Lubumbashi aliyewahi kuuza nyaya anajua: mnunuzi hataki waya mchafu. Unauchoma kwanza, ngozi yake iungue, kisha unausugua kwa mchanga na majivu mpaka uwe mwekundu. Shaba nyekundu ndiyo shaba. Nyingine ni uchafu.

Basi akawasha mbabula. Akauweka waya juu ya makaa, akaugeuza kwa uangalifu usikatike. Akausugua, akausuuza, akaukausha kwenye kanga yake. Ulipong'aa akauviringisha vizuri na kuupanga kwenye sahani ya udongo, ile ya wageni, akaifunika kwa kitambaa kama chakula. Mkono ulimuuma, lakini alifurahi.

Mbuyi aliporudi, Mama Kapya alimngoja karibu na ukuta akiwa na sahani mikononi. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha yeye mwenyewe.

“Jambo, professeur. Waya yenu njo hii. Nilisafisha muzuri.”

Mbuyi alifunua kitambaa. Waya ulikuwa mzuri kweli. Wazo fulani lilimpita kichwani upesi, akashindwa kulishika, kwa sababu ubaoni waya huchorwa kwa chaki nyeupe na hakuna anayeuliza umepakwa nini. Na yule mama alikuwa akimtazama.

“Aksanti sana, mama,” alisema, na alishukuru kwa dhati.

Waliuzungusha mchana wote. Majirani walikuja kidogo kidogo, wakakaa juu ya ukuta. Baiskeli ikapinduliwa, magurudumu juu. Lombe alishika pedali akaizungusha, tairi likasugua gurudumu la mti, sumaku zikazunguka mbele ya bolti vizuri kabisa. Taa haikuwaka. Akazungusha kwa nguvu zaidi, jasho likamtoka. Haikuwaka.

“Professeur wa craie!” mtu mmoja alipiga kelele, na ukuta mzima ukacheka.

Mbuyi aliinama juu ya bolti. Akaukwaruza waya kwa kucha. Lile wazo lililompita likarudi, na safari hii likakaa.

“Vernis,” alisema pole pole. “Ile rangi nyeusi ya ku waya, ilienda wapi?”

Watu wote wakamgeukia Mama Kapya.

“Nilichoma,” alisema. “Ilikuwa buchafu.”

“Mama!” Lombe alisema.

“Ile vernis njo inakatazaka waya kugusana,” Mbuyi alieleza. “Courant inapashwa kuzunguuka mu waya yote. Sasa zote zinagusana, courant inakata njia, inafia palepale.”

“Alifanya makusudi,” mama Marceline, jirani wa upande wa pili, alitamka kutoka ukutani, wala hakushusha sauti. “Hakupendaka ule professeur. Hiyo siri iko wapi?”

Hakuna aliyecheka. Mama Kapya akatazama mikono yake ambayo bado ilikuwa na majivu kwenye kucha, akaificha ndani ya kanga. Kumwambia mtu umemharibia mwanao makusudi ni kumvua nguo hadharani.

Mbuyi akasimama na kufuta magoti.

“Mama Marceline, hapana vile. Huyu mama alisafisha waya sawa vile bantu yote ya Lubumbashi banasafishaka. Miye njo mwalimu. Miye njo nilipashwa kusema na sikusema. Kosa iko yangu.”

“Lakini...”

“Iko yangu,” alirudia. “Bantu barudie ku mayumba yabo, leo cinéma imeisha.”

Wakaondoka. Lombe alipoingia ndani alimkuta mama yake ameelekea ukutani. Dorine alimletea chakula, akakikataa. Kesho ilikuwa Jumapili, wauza vyuma wote wamefunga, na keshokutwa, Jumatatu, Doudou angefunga kasha lake kwenye mstari wa papa Clément.

“Pole, mama,” Lombe alisema mlangoni.

“Unisemee pole juu ya nini? Enda ulale.”

*

Jumapili, baada ya misa, Mbuyi aliingia kwao bila miwani, shati amekunja mikono. Alibeba chupa, na kwenye chupa ile alikuwa ameviringisha waya, mwembamba, mrefu, wa kahawia iliyokolea.

“Mulitosha wapi hii waya?” Lombe aliuliza, akiugusa kwa kidole.

“Mu ventilateur yangu, ile feni ya makelele.”

“Hapana!” Dorine alisema. “Professeur, hapana. Na hii joto ya mwezi ya kumi? Na mutoto muchanga mu nyumba?”

“Courant iko wapi, Dorine? Ventilateur bila courant iko decoration tu. Ilikuwa inalala pale juu ya meza, inanitazama.” Aligeuka mlangoni. “Mama Kapya iko? Nina kazi yake.”

Mama Kapya alitoka akiwa amejifunga kanga yake ya kanisani, macho chini. Mbuyi aliiweka ile chupa mikononi mwake.

“Mushike, mama. Mi nitavuta, Lombe atazungusha. Waya isianguke mu muchanga.”

Mama Kapya aliitazama ile chupa. Alikuwa ameharibu kitu chao mbele ya mtaa mzima, na mtu aliyeharibiwa alikuwa amekwenda kufungua cha kwake, akakileta kwake yeye kwanza. Alikaa kwenye kiti chake kidogo akaishika chupa kwa mikono miwili. Nzi alimtua usoni, hakumfukuza. Dorine alitaka kumpokea apumzike, akakataa kwa kichwa. Waya ulipita vidoleni mwake mzunguko baada ya mzunguko, na hata mara moja hakuuachia.

Jua lilipoanza kushuka walipindua baiskeli. Majirani walikuja tena, lakini kwa adabu. Lombe alizungusha pedali.

Taa ikawaka.

Iliwaka kwanza kwa kupepesa, kisha ikatulia, nyeupe, ikapiga kwenye ukuta wa matofali na kuonyesha kila ufa. Mbuyi alishika kichwa kwa mikono yote miwili.

“Iko kweli!” alisema. “Miaka yote ile nilikuwa ninabafundisha batoto, na iko kweli!”

Lombe aliachia pedali, taa ikazimika, akazungusha tena ikawaka, akacheka huku machozi yakimtoka wala hakuyafuta. Mama Kapya alibaki kitini na chupa tupu mapajani. Alitaka kusema asante. Neno lilifika mpaka midomoni, likakuta miaka mingi ya kidevu imekaa mlangoni, likarudi.

*

Jumatatu gizani papa Clément alipita mstarini.

“Onyesha,” alimwambia Lombe.

Baiskeli iliyosimama haina mwanga, na wenzake walianza kuguna. Lombe akainua gurudumu la nyuma, akazungusha pedali kwa mkono, na mwanga ukampiga papa Clément tumboni kabisa, akaruka nyuma.

“Nani alikufanyia hii?”

“Voisin yangu,” Lombe alisema, “na mama yangu alishika waya.”

Papa Clément alimpa mikate. Hakusema neno zuri, hiyo haikuwa desturi yake, lakini alimpa kasha limejaa. Doudou alimsaidia kulifunga, na Lombe akaona haya kwa ajili yake, akamshika bega.

Njiani, kabla hajafika kwenye kona alikogongwa Katongo, lori lilitokea mbele yake. Lombe alikanyaga kwa nguvu zote, kwa sababu taa ile ilikuwa na nguvu za miguu yake tu. Lori likapunguza mwendo. Likasogea pembeni. Dereva akapiga honi fupi, ile ya kusalimia mtu, na Lombe, aliyezoea kuimba ili asife, aliimba asubuhi hiyo kwa sababu tu alikuwa hai. Alishukuru Mungu, akamshukuru Mbuyi kwa jina, akazishukuru hata zile sumaku za starter iliyokufa.

Tangu siku hiyo alileta mkate mmoja wa moto ukutani kila aliporudi. Mbuyi alikataa mara ya kwanza, akakataa mara ya pili kwa sauti ndogo, halafu akawa anaungoja.

*

Transfoma ya mtaa ilitengenezwa ghafla, mchana mmoja wa joto kali, mvua ikiwa bado inajivuta. “Courant!” watoto walipiga kelele, na mtaa wote ukalipuka kwa redio, majokofu na muziki. Dorine alikimbia kuchaji simu. Lombe alikuwa amelala, na hata kelele hizo hazikumwamsha.

Mama Kapya alikaa kitini kwake akingoja. Hakujua anangoja nini mpaka alipogundua kwamba hakisikiki. Nyuma ya ukuta, kule ambako kila umeme ulipokuja paligonga ta-ta-ta-ta, palikuwa kimya. Kisha akasikia mtoto analia, kilio kile cha uchovu cha mtoto mwenye joto.

Aliinuka. Alizunguka ukuta, akapita kwenye lango la lupango lile ambalo hajawahi kulipita, akasimama kizingitini.

Feni ilikuwa juu ya meza, mapanga yake mahali pake, nyuma yake tupu, waya wote umetolewa. Michelle, mke wa Mbuyi, alikuwa ameketi mkekani, jasho likimtiririka shingoni, akimpepea mwanawe mchanga, Ariel, kwa jalada la daftari. Alipomwona mgeni alishtuka, akataka kuinuka.

“Ikala,” Mama Kapya alisema. “Leta ile. Mukono yako imechoka.”

“Mama, hapana, muko wageni...”

“Leta.”

Akalichukua jalada. Akakaa mkekani kwa shida, magoti yakilia, akaanza kumpepea mtoto pole pole, bila kuacha, kama alivyopepea mbabula maisha yake yote. Michelle alimtazama kidogo, kisha akaegemea ukuta na usingizi ukamchukua akiwa amekaa. Mtoto alilia, akanung'unika, akanyamaza.

Mbuyi aliporudi kutoka shuleni, chaki kwenye mikono ya shati, alifungua mlango wake mwenyewe kwa kishindo akasimama hapo hapo, mfuko wa vitabu begani.

Mama Kapya hakugeuza kichwa. Mkono wake uliendelea kwenda na kurudi.

“Ingia polepole, mutoto yangu,” alimwambia. “Mutoto yako amelala.”